Joseph Wolff, Mtafutaji wa Makabila Yaliyopotea

Mhariri wa gazeti letu la shule ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Kwanza nilifikiri nichague mfalme au jemadari, maana hao ndio vijana huwapenda. Lakini kuna deni ninalodaiwa na Kidato cha Pili, na afadhali nilipe hapa mbele ya wasomaji wote.

Muhula uliopita, katika somo la Historia, nilimtaja Joseph Wolff kwa kupita tu. Nikasimulia jinsi alivyoshuka kutoka milima ya Afghanistani mpaka Kabul bila nguo mwilini, naye ni mtu msomi. Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kelele zilipotulia, kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono akauliza kama hatimaye mtu yule aliwapata watu aliokuwa akiwatafuta. Nikamjibu kwamba hakuwapata. Wenzake wakacheka tena kuliko mara ya kwanza, kengele ikalia, tukatoka.

Jibu langu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa fupi kupita kiasi, na jibu fupi mno laweza kumdhulumu mtu aliyekufa ambaye hawezi kujitetea. Basi na tumsikilize tangu mwanzo.

Kwanza tuelewe ni akina nani waliopotea. Wanaosoma Biblia wanajua kwamba baada ya kufa Mfalme Sulemani, yapata mwaka 930 kabla ya Kristo, ufalme wa Israeli uligawanyika. Makabila mawili, Yuda na Benyamini, yakabaki kusini na mji wao wa Yerusalemu. Makabila kumi yakafanya ufalme wao kaskazini, na mji mkuu wao ukawa Samaria. Karibu na mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuru wenye nguvu waliuteka Samaria, wakawahamisha watu wake mpaka nchi za mbali. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 17, kinataja mahali walipopelekwa: Hala, Habori kando ya mto wa Gozani, na miji ya Wamedi. Baada ya hapo Biblia inakaa kimya juu yao. Watu wa Yuda nao walihamishwa baadaye mpaka Babeli, lakini wengi wao walirudi. Wale wa kaskazini hawakuonekana tena wakirudi.

Kimya kile kiliwafanya watu wafikiri kwa karne nyingi. Wengine walidhani makabila kumi yako Uajemi, wengine wakasema Bara Hindi, wengine Uhabeshi, na wengine hata wakawadhania wenyeji wa Marekani kuwa ndio hao. Wako Wakristo walioamini kwamba mwisho wa dunia hauwezi kuja mpaka Israeli wote wapatikane na kuletewa Injili. Joseph Wolff alikuwa mmoja wao, ila yeye hakuridhika kukaa kitini na kubishana. Alifunga mizigo akaenda kuwatafuta.

Alizaliwa mwaka 1795 katika kijiji cha Weilersbach, nchi ya Bavaria, Ujerumani. Baba yake alikuwa rabi, yaani mwalimu wa dini wa Wayahudi, na mtoto alifundishwa Kiebrania tangu utoto wake. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alimtembelea mara kwa mara jirani mmoja Mkristo, aliyekuwa kinyozi, akamweleza kwa majivuno kwamba Masihi atakuja na kuwainua Wayahudi. Yule jirani akamwambia kwamba Masihi alikwisha kuja, akamtaka asome sura ya 53 ya kitabu cha nabii Isaya. Mtoto akaisoma, akaenda kumwuliza baba yake maana yake. Baba hakumjibu. Nadhani kimya kile cha baba ndicho kilichompeleka njiani, kwa maana kuna watoto ambao wakinyimwa jibu nyumbani hulitafuta duniani kote.

Alipokuwa bado kijana mdogo aliondoka kwao, akawa akienda mji hata mji huku akisoma na kufundisha kidogo ili apate chakula. Mwaka 1812 alibatizwa katika Kanisa Katoliki karibu na Prague. Alisoma Vienna na Tübingen, akajifunza Kiarabu na lugha nyingine za mashariki, na mwaka 1816 akafika Roma ili awe mmisionari. Mfano wake alikuwa Mtakatifu Fransisko Xavier, yule aliyehubiri Bara Hindi na Japani. Lakini Wolff hakujua kunyamaza. Alibishana na walimu wake darasani juu ya mamlaka ya Papa, akabishana tena na tena, hata baada ya miaka miwili hivi akafukuzwa mjini. (Wanafunzi wa shule hii wasione hapa ruhusa ya kuwabishia walimu wao.)

Kutoka Roma alipita nchi kadha wa kadha mpaka akafika London kwa tajiri mmoja aliyekuwa amejuana naye Roma, Henry Drummond. Huko aliingia katika Kanisa la Uingereza, akapelekwa Cambridge kusoma zaidi. Walioandika habari zake wanakubaliana kwamba alikuwa mtu wa ajabu. Nguo zake zilikuwa shaghalabaghala, na Kiingereza chake kilikuwa na matamshi ya Kijerumani mpaka kufa kwake. Lakini mbele ya kitabu cha Kiebrania, Kiarabu au Kiajemi, wale wenye nguo safi walimsikiliza.

Mwaka 1821 alianza safari zake. Kwa miaka mitano alitembea Misri, Sinai, Yerusalemu, Shamu, Mesopotamia na Uajemi, akirudi kupitia Tiflis na Krimu. Popote alipofika aliulizia mtaa wa Wayahudi, akaingia, akaketi na wazee wao, wakazungumza usiku kucha. Alirudi Uingereza mwaka 1826, na mwaka uliofuata akamwoa Bibi Georgiana Walpole, binti wa ukoo mkubwa wa Kiingereza. Watu wengi walishangaa jinsi bibi wa namna ile alivyokubali kuolewa na mtu asiye na nyumba wala kitu.

Baada ya ndoa ndipo safari ya makabila yaliyopotea ilipoanza kweli. Katika safari za mwanzo jahazi lao lilivunjika karibu na kisiwa cha Cephalonia, wakaokolewa na kupokewa na Charles Napier, aliyekuwa mtawala wa kisiwa kile. Mwaka 1830 mke wake alizaa mtoto wa kiume kisiwani Malta, naye akaitwa Henry Drummond kwa heshima ya yule rafiki wa London. Mwisho wa mwaka huo huo, mtoto akiwa na miezi michache tu, baba yake aliwaaga akaenda zake Bukhara. Hawakumwona tena mpaka mwaka 1834. Sitaki kulificha jambo hili. Wito wa mtu mmoja mara nyingi hulipwa na watu wawili watatu wengine, na majina yao hayaandikwi kwenye jalada la kitabu.

Bukhara ni mji wa kale ambao leo uko katika nchi ya Uzbekistani. Wakati ule ulikuwa na Amiri wake mwenyewe, na Wazungu waliowahi kuufikia walikuwa wachache sana. Wolff alikuwa amesikia kwamba Wayahudi wa huko wanajihesabu kuwa wa makabila kumi. Alipita Uturuki, Armenia na Uajemi. Katika nchi ya Khorasan alikamatwa na watekaji wa watumwa, akavuliwa nguo na kufungwa. Aliyemkomboa alikuwa mwana wa mfalme wa Uajemi, Abbas Mirza. Watu wa nyumbani wasiwe wepesi kudhani kwamba mmisionari huyu aliona uadui tu kwa Waislamu. Hapa alikombolewa na mkuu wa Kiislamu, na tutaona kwamba haikuwa mara ya mwisho.

Aliingia Bukhara mwaka 1832. Aliruhusiwa kuzungumza na Wayahudi, lakini si kuwahubiri Waislamu. Akawakuta Wayahudi wakiishi katika mtaa wao, wakilazimishwa kufunga kamba kiunoni badala ya mshipi ili wajulikane. Aliwauliza swali lile lililomtoa Ulaya. Nao wakamwambia mapokeo ya wazee wao, kwamba Bukhara ndiyo Habori ya Biblia, na mji wa Balkh ulio kusini ndio Hala. Hebu fikirini moyo wa mtu yule! Alikuwa amesafiri maelfu ya maili, amefungwa na watekaji, amemwacha mtoto mchanga, na sasa mzee mbele yake anamwambia kwamba amesimama pale pale palipoandikwa.

Lakini mapokeo si ushahidi. Majina mawili yakifanana kwa sauti, hiyo si dalili ya kutosha kwamba mahali ni pamoja. Wataalamu wa siku hizi wanaiweka Habori mbali sana upande wa magharibi, kwenye mto Khabur katika nchi ya Shamu, na wanaona kwamba Wayahudi wa Bukhara asili yao ni ya jamii kubwa ya Wayahudi wa Uajemi. Wolff alikuwa na shauku kuliko tahadhari, na hilo ni kosa ambalo kila mwanafunzi wa Historia hana budi kujilinda nalo: tukitamani sana kitu, tunakisikia katika kila jibu.

Kutoka Bukhara alivuka mto Oxus, akapita Balkh, akaingia milima ya Hindu Kush. Alitaka pia kuwachunguza Waafghani, kwa sababu baadhi ya makabila yao wana mapokeo kwamba wametoka kwa Mfalme Sauli wa Israeli. Katika milima ile watu wenye silaha walimshika, wakatisha kumwua, mwisho wakamwacha aende lakini wakachukua kila alichokuwa nacho, mpaka shati. Hapo ndipo palipotuchekesha darasani. Mwenyewe alisema kwamba alitembea maili 600 akiwa uchi. Tukipima kwenye ramani, njia ya kutoka Balkh mpaka Kabul haifiki idadi hiyo, na watu walimjua kuwa mwepesi wa kutia chumvi anaposimulia. Lakini milima ilikuwa pale, na theluji ilikuwa pale, na ngozi ilikuwa yake. Alipofika Kabul alikutana na Alexander Burnes, msafiri mwingine mashuhuri, naye Burnes ameandika habari za kukutana kwao.

Akaendelea mpaka Bara Hindi, akapokewa Simla na Gavana Mkuu, Lord William Bentinck. Alihubiri katika miji mingi, akapatwa na kipindupindu karibu na Madras, akapona, akafika Goa ulipo mwili wa Fransisko Xavier, yule aliyekuwa mfano wake tangu ujana. Katika mji wa Kanpur alifanya urafiki na afisa mmoja kijana wa Kiingereza, Arthur Conolly. Wasomaji walishike jina hili, maana litarudi.

Mwaka 1836 alikwenda Uhabeshi, nchi ambayo leo tunaiita Ethiopia. Huko Aksum alimkuta mmisionari Samuel Gobat akiwa mgonjwa sana. Wolff aliiacha safari yake mwenyewe, akamchukua mgonjwa yule mpaka pwani, wakavuka Bahari ya Shamu hadi Jidda ili aweze kurudi kwao. Gobat alipona, na mwaka 1846 akawa askofu wa Yerusalemu. Misioni ile ile ya Uhabeshi ndiyo aliyojiunga nayo Ludwig Krapf mwishoni mwa mwaka 1837. Alipozuiwa asiendelee na kazi huko alishuka pwani yetu, akakaa Mombasa tangu mwaka 1844, na sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Hivyo njia za Wolff hazikupita mbali nasi kama tunavyoweza kudhani.

Wolff alikwenda Yemeni pia, akafika Sanaa, akapigwa mijeledi njiani. Huko alikutana na wahamaji waliojiita wana wa Rekabu, wale waliotajwa na nabii Yeremia kwamba hawanywi divai wala hawajengi nyumba. Baadaye alifika Marekani, akahubiri mbele ya wajumbe wa Kongresi mjini Washington, na mwaka 1837 akapewa daraja la ushemasi huko New Jersey. Mwaka 1838 alifanywa kasisi, akapewa parokia Uingereza. Miguu yake ikapumzika, na watu wakadhani kwamba habari zake zimekwisha.

Sasa tulirudie lile jina la Conolly. Mwisho wa mwaka 1838 Luteni Kanali Charles Stoddart alikuwa ametumwa na serikali ya Uingereza kwa Amiri wa Bukhara, Nasrullah Khan. Stoddart alikuwa askari hodari lakini hakujua adabu za nchi. Inasimuliwa kwamba alikwenda ngomeni juu ya farasi wake mahali ambapo desturi ilitaka ashuke. Amiri akamtupa katika shimo refu lililojaa wadudu, na kwa miaka mitatu na zaidi akawa mara akifungwa, mara akifunguliwa. Mwaka 1841 Arthur Conolly alikwenda Bukhara, akitumaini kumwokoa mwenzake, naye akakamatwa vile vile. Baada ya hapo habari zao zilikatika. Wengine walisema wameuawa, wengine walisema wako hai gerezani. Serikali yao haikufanya mengi. Majina ya watu wale wawili yalikuwa yakielekea kusahaulika.

Mwaka 1843 Wolff aliandika barua katika gazeti la London kwamba yuko tayari kwenda Bukhara kuuliza habari zao, asitake mshahara ila gharama za njia tu. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 48, ana nyumba, mke na mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alijua kuliko Mwingereza mwingine yeyote mji ule ni mji gani. Kamati ikaundwa chini ya Kapteni John Grover, ikachangwa kiasi cha pauni 500, na mwezi wa Oktoba akaondoka.

Alivuka milima ya Uturuki katika theluji ya kipupwe. Alipoikaribia Bukhara, mwezi wa Aprili 1844, alivaa mavazi yake yote ya ukasisi, joho jeusi na kitambaa chekundu cha udaktari wa dini, akaishika Biblia wazi mkononi, akaingia mjini hivyo huku maelfu ya watu wakimtazama barabarani na juu ya mapaa. Watu wakamwona kama mwenda wazimu. Lakini yeye alikuwa amefikiri vizuri. Stoddart aliingia kama askari akafa. Wolff aliingia kama mtu wa dini asiyeficha chochote, ili mji mzima ujue kwamba amefika, na isiwe rahisi kumpoteza gizani.

Aliambiwa kwamba mbele ya Amiri ni lazima ainame mara tatu. Akasema yuko tayari kuinama hata mara thelathini. Akainama, akainama tena na tena, akimwombea mfalme amani kila anapoinama, mpaka Amiri yule mkali aliyeogopwa na nchi nzima akashindwa kujizuia akacheka. Kicheko kile kilimwongezea siku za kuishi. Wanafunzi wangu, mnaona kwamba sisi hatukuwa wa kwanza kumcheka Joseph Wolff. Aliwahi kuchekwa na mtu aliyeshika upanga, naye akakitumia kicheko hicho kufanya kazi yake.

Akauliza alichojia, akapata jibu. Stoddart na Conolly walikuwa wameuawa mbele ya ngome mwezi wa Juni mwaka 1842, zaidi ya mwaka mzima kabla yeye hajaondoka Uingereza. Alikuwa amekwenda kuwatafuta watu waliokwisha kuwa makaburini. Na sasa yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuondoka. Miezi ikapita nyumbani mwake kukiwa na walinzi mchana na usiku. Akatumiwa mtu kumwuliza kama atabadili dini yake, akakataa. Akaja mnyongaji kumtazama. Wolff alikuwa na afyuni aliyoiweka ili apunguze maumivu siku ya kufa; akaitupa, akaandika maneno ya kumwaga mke wake na mwanawe katika Biblia yake, akangoja.

Hakuuawa. Mfalme wa Uajemi alikuwa amemwandikia Amiri barua akimtaka amwachilie kasisi yule, na balozi wake, Abbas Kuli Khan, hakukubali kutoka Bukhara bila yeye. Mwezi wa Agosti 1844 waliondoka pamoja. Basi mara ya pili Mkristo huyu aliokolewa na Mwislamu wa Uajemi, aliyemshika mkono wala hakumwacha nyuma. Alirudi Uingereza mwaka 1845, akatoa kitabu cha safari ile, kikapigwa chapa mara nyingi.

Mwaka huo huo alipewa parokia ya Isle Brewers, kijiji kidogo cha Somerset, akakaa hapo mpaka mwisho. Alikuwa ametangaza zamani kwamba Kristo atarudi mwaka 1847. Mwaka ule ukaja, ukapita kama miaka mingine, na kasisi akaendelea kubatiza na kuzika. Kanisa la kijiji likajengwa upya kwa juhudi zake. Mke wake mpendwa alikufa mwaka 1859. Katika miaka 1860 na 1861 alitoa kitabu kikubwa cha maisha yake. Hakuandika kwa mkono wake bali alisimulia na wengine wakaandika, na kote humo anajitaja kwa jina la Wolff kana kwamba anaeleza habari za mtu mwingine. Alikufa tarehe 2 Mei 1862, akiwa bado anapanga safari nyingine iliyo ndefu kuliko zote. Mwanawe akawa mwanasiasa na balozi mashuhuri wa Uingereza, akafa mwaka 1908.

Na makabila kumi je? Maandishi ya Mfalme Sargoni wa Ashuru yanadai kwamba aliwahamisha watu zaidi ya 27,000 kutoka Samaria. Idadi hiyo ni kubwa, lakini si taifa zima. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba watu wengi walibaki katika nchi yao, na wengine walikimbilia Yuda. Wasamaria, ambao mpaka leo wapo mia kadha wa kadha karibu na mlima Gerizimu, wanajihesabu kuwa wazao wa Efraimu na Manase. Waliohamishwa walioana na majirani zao wapya, wakasema lugha zao, wakawa wenyeji. Hawakujificha nyuma ya mlima wowote wakimngoja mgeni awavumbue. Hata hivyo jambo lenyewe halikuishia vitabuni. Mwaka 1973 rabi mkuu mmoja wa Israeli aliamua kwamba Wayahudi wa Ethiopia ni wa kabila la Dani, na mwezi wa Mei 1991 zaidi ya 14,000 kati yao walichukuliwa kwa ndege mpaka Israeli katika muda wa siku moja na nusu hivi. Na Wayahudi wa Bukhara, waliomwonyesha Wolff Habori yao, wengi wao wamehamia Israeli na Marekani.

Sasa namjibu yule kijana wa dawati la nyuma, kwa jibu refu kidogo. Hakuwapata. Alikosea mahali, akakosea majina, akakosea hata mwaka. Lakini mtu aliyezoea kwa miaka ishirini kuuliza waliopotea wako wapi hakuweza kunyamaza watu wawili walipopotea kweli, huku wenye madaraka wakingoja. Alikwenda, akauliza, akarudi na habari, na jamaa za marehemu wakaacha kutazama njia. Makabila kumi hayakumhitaji. Gobat mgonjwa kule Aksum alimhitaji.

Nina neno moja la mwisho, nalo ni langu mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huu, katika darasa lile lile, kulikuwa na kijana aliyeacha kuja shule. Niliita jina lake asubuhi baada ya asubuhi, na wiki zilipotimia nikapiga mstari wa wino mwekundu juu yake katika daftari la mahudhurio, nikaendelea na jina linalofuata. Sikumwuliza mtu. Kwao si Bukhara. Ni mwendo wa saa mbili kwa baiskeli, na njiani hakuna Amiri wala shimo. Aliyeniuliza lile swali ndiye aliyekuwa akikaa naye dawati moja, na mimi nilichelewa kuelewa alikuwa ananiuliza nini.

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilimkuta nyumbani akimwuguza mama yake, naye ana wadogo watatu wa kuwalisha. Mkuu wa shule ameisikia habari yake, na jambo lake linatazamwa pamoja na wazazi wa kamati. Sijui kama atarudi. Lakini jina lake nimeliandika tena katika daftari, chini ya orodha, na kila asubuhi naliita.